Swali Kwenye Njia ya Baray

Mtu akitunga uongo, hujisifu ndani yake. Haya ninayokusimulia yananiaibisha, kwa hiyo ujue yalitokea kweli. Mpaka leo ni mke wangu tu niliyemweleza yote.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja vita vya Kagera vilipoanza, nikapangiwa polisi wa jeshi. Sisi tulioachwa huku nyuma tuliwasaka askari walioondoka kikosini bila ruhusa. Kwa kuwa mimi ni Mwiraqw wa Karatu, nilitumwa Baray kumfuata mmoja aitwaye Boay. Mimi na dereva wangu tulimkuta kwao, jembe mkononi, anachimba kaburi la mama yake. Alisikia mama anaumwa, akatoroka, akamkuta amekwisha kufa.

Hakubisha. Aliniambia taratibu, "Afande, niache nimzike mama. Nikishamfukia tu, twende."

Sasa sikiliza. Amri yangu ilisema nimlete; haikutaja saa. Dereva angesubiri bila neno. Lakini nilikuwa na kitambaa kipya cha polisi wa jeshi mkononi, watu wote wa msiba wananitazama, nikataka waone mimi si wa kubembelezwa. Nikamtia pingu. Dada yake, Paskalina, alitufuata mpaka garini. Boay akarudishwa kikosini, akavuka Kagera, akafia huko. Nilizipata habari kwa askari aliyekuwa naye.

Vita vilipokwisha nikapewa likizo, nikaona afadhali niende kuwaambia kwa mdomo wangu. Lori lilinishusha barabarani, nikaendelea kwa miguu. Ilikuwa saa nane mchana, jua linachoma, na usije ukadhani nilikuwa nimelewa.

Kando ya njia alisimama mama mmoja mtu mzima, amevaa kaniki mpya. Nikamwamkia, akaitikia kwa Kiiraqw, akauliza natoka wapi. Nikasema vitani. Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa na udongo mbichi, na mvua ilikuwa haijanyesha miezi mingi.

"Boay wetu umemwacha wapi?"

Nilidhani ni shangazi yake, au jirani. Wewe ungemjibu nini? Maneno yote niliyoyapanga tangu Karatu yalinipotea. Nikasema, "Yuko njiani, mama. Anakuja."

Uso wake ukakunjuka. Akasema basi atamngoja hapo hapo, akaketi chini. Nilikwenda hatua chache, nikageuka. Hapakuwa na mtu, na pale ni uwanda mtupu, hata kichaka cha kujificha hakuna.

Paskalina alinitambua kabla sijafungua kinywa. Nilimweleza kuhusu kaka yake, akalia muda mrefu bila sauti. Kisha nikamtajia yule mama wa njiani, nikitaka kujua ni ndugu gani, ili naye aambiwe. Hapo akaacha kulia. Akasema huyo ni mama yao. Tangu majirani walipomzika amekuwa akiwauliza wapita njia habari za Boay, na kijiji kizima kilikuwa kimekubaliana kumjibu kwamba hawajui.

"Wewe umemwambia nini?"

Nikamwambia.

Alijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Halafu akasema, "Tulikuwa tunangoja tupate ukweli tumpe, akapumzike. Sasa ameshapewa ahadi. Sisi hatatusikiliza tena."

Na imekuwa hivyo. Miaka imepita, nimerudi kwenye njia ile mara nyingi, nimesema ukweli kwa sauti peke yangu kama mwendawazimu. Mimi hanitokei. Watu wa Baray ndio humwona. Wanasema siku hizi hamuulizi mtu. Ameketi tu, anatazama upande wa Karatu.

Kwa hiyo wewe uliyepewa amri juu ya wenzako, mtu akikuomba azike, mwache azike. Na mama akikuuliza habari za mwanawe, mwambie ukweli hata kama utamuua. Huenda alishakufa, na ni uongo wako tu utakaomzuia kulala.