Gari Ilikuwa Imelala Tu

Hii habari inanionyesha mjinga, lakini afadhali niisimulie mwenyewe kabla wengine hawajaitia chumvi.

Mwaka wa tisini na moja nilikuwa fundi kwenye garaji moja ya Rwezamenyo. Shule niliishia ya msingi, mdomo tu ndio ulifika chuo kikuu. Asubuhi moja mwalimu wa Niboye akatuletea gari yake ya Kifaransa tubadilishe tairi mbili. Mchana alikuwa anaenda kumchukua mama yake Kabuga, ampeleke hospitali. Mukecuru, yaani huyo bibi kizee, alikuwa ameanguka, nyonga imevunjika, na daktari alisema asitikisike njiani.

"Ndiyo maana naenda na hii," akasema. "Haina springi. Iko na mafuta na hewa, inajirekebisha yenyewe. Kwenye shimo inalainika, kwenye kona inakaza."

"Sasa Mwalimu, ikijua yote hayo, wewe unaenda kufanya nini?"

Watu wakacheka. Yeye hapana.

Nilipomaliza tairi nikaona gari imekaa chini kabisa. Bosi alikuwa msikitini. Nikajiambia, hii imechoka nyuma. Dawa tulikuwa nayo: unakata raba ya tairi kuukuu, unaishindilia juu ya mkono wa gurudumu, kile chuma kinachoshika tairi, gari inasimama. Nikashindilia mbili. Ikasimama kama jogoo.

Mwalimu akanichukua nikamsaidie kumbeba mama.

"Mbona ngumu?" akauliza njiani.

"Tairi mpya, Mwalimu. Zitazoea."

Tulimlaza mama kiti cha nyuma, miguu yake kwenye mapaja yangu. Kutoka kwake mpaka lami ni mawe matupu. Kila jiwe lilimpata. Hakulia, aliuma kitenge. Mimi sikusikia kitu, wala huruma wala aibu. Niliangalia grisi kwenye kucha zangu.

Mwalimu akasimama, akashuka, akabonyeza gari nyuma kwa mkono. Haikubonyea.

"Umeweka nini?"

"Raba. Ilikuwa imekaa chini."

"Wee sha, ikizimwa inakaa chini! Ilikuwa imelala tu. Ukiwasha inaamka. Sasa umeiinua kwa raba, yenyewe inaona iko juu tayari, inaachia mafuta yote. Mama yangu amelalia raba yako."

Akarudi ndani, akavuta kimkono fulani karibu na usukani. Gari ikajiinua yenyewe, polepole, mpaka raba zikalegea. Nikashuka, nikainama, nikaingiza mkono, nikazitoa, nikazitupa mtaroni. Akairudisha chini kidogo, tukaondoka. Ikapita juu ya mawe yaleyale kama inapita kwenye godoro.

Tulipomshusha hospitali, mukecuru akanishika mkono. Maneno ya raba hakuyaelewa, yeye alikuwa ameona kitu kimoja tu: nimeinama chini ya gari, maumivu yakapungua.

"Asante mwanangu," akasema. "Ungeitengeneza gari mapema, kabla hatujatoka nyumbani, nisingeumia hivi."