Vidonge vya Jongo vya Nyamai

Kavutha alilelewa na nyanya aliyechemsha mizizi, na tangu utotoni aliijua dawa ya kweli kwa dalili moja: tumbo liendeshe. Mgonjwa akishinda chooni, nyanya alipiga vigelegele. Uchafu umetoka! Imani hiyo Kavutha alihama nayo hadi Kariobangi, na haikumdhuru mtu mpaka mwaka wa sabini na nane, mumewe aliposhikwa na jongo.

Nyamai alikuwa mchonga vinyago Gikomba, pande la mtu, mpenda nyama. Sasa kidole gumba cha mguu kilimliza hata shuka ikikigusa. Zahanati walimpa vidonge vidogo. Daktari akamweleza kwamba dawa hiyo hutokana na mmea wa maua, inafaa sana, lakini haitaki mchezo: ameze kimoja kimoja kwa nafasi, na tumbo likianza kuendesha aache palepale, hata kama mguu bado unauma.

Nyamai alifika nyumbani na nusu ya maneno hayo.

"Mama Mumo, kumbe ni miti tu! Kama ile ya nyanya yako."

Jumamosi asubuhi tumbo likafunguka. Kavutha akashangilia. "Si unaona? Inasafisha. Ongeza." Akammiminia vidonge kiganjani kwa mkono wake, na mchana akamwongezea tena. Kidogo kikitibu, kingi je? Ndivyo tunavyofikiri wengi wetu, tusidanganyane.

Alasiri Nyamai alikuwa akitapika, midomo imekauka, na chooni akaona damu. Jirani yao Selpher, mfanyakazi wa kiwanda huko Baba Dogo, alikuja kuomba makaa akamkuta amelala sakafuni.

"Baba Mumo, daktari alikuambia nini hasa?"

"Alisema..." Nyamai alimeza mate. "Tumbo likiendesha, niache."

 Kavutha aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani. Walimpakia Nyamai kwenye mkokoteni, wakamsukuma hadi hospitali huku Kavutha akimwita jina kila hatua, asije akanyamaza.

"Dawa hii ikizidi ni sumu," daktari wa huko alisema. "Na hatuna kitu cha kuitoa mwilini. Tutamwekea maji ya mshipa, tungoje. Nani alikuwa anampa?"

"Ni mimi," Kavutha akasema.

Wakangoja. Kila muuguzi aliyekuja upande wake, Kavutha alidhani analeta habari ya kifo. Nyamai alipona kwa shida, nywele zikamnyonyoka, akarudi nyumbani na upara na aibu.

Krismasi ilipofika, mbuzi akachinjwa, na jongo likarudi. Daktari akampa dawa ileile, vidonge vya kuhesabika, na safari hii Kavutha alikwenda kusikiliza mwenyewe. Akampa mumewe kimoja, kisha akaifunga chupa kwenye pindo la leso.

Baada ya chakula Nyamai aliinuka, akichechemea.

"Unaenda wapi?"

"Chooni."

Kavutha naye akasimama. "Tumbo?"

"Haja ndogo, mama. Niache nikojoe."

Kavutha hakumwamini. Alimfuata hadi mlango wa choo cha ploti, akasimama nje mbele ya wapangaji wote, akisikiliza.