Picha Iliyozimwa Mchana

Nilipokuwa mtoto, kule kwetu Newala, hadithi ilikuwa kitu cha kungojewa. Ilingoja jua lizame, vyombo vioshwe, na bibi yangu mzaa mama, Bibi Sijaona, anyooshe miguu yake kwenye mkeka. Mchana hukupata hadithi kwake hata ungelia machozi ya damu. "Hadithi ya mchana inamla mtu wa nyumbani," alikuwa akisema, kwa sauti ileile aliyotumia kutuambia kuwa muhogo mchungu hauliwi mbichi. Sisi watoto tulidhani ni ujanja wake wa kutufukuza tukachote maji. Na maji ya Newala siku zile uliyafuata bondeni mpaka magoti yagome, kwa hiyo mzee alikuwa na kila sababu ya kututungia uongo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yakaanza kuwa na redio za kaseti, mitumba ikamwagwa chini gulioni, na wanunuzi binafsi wakapanda kwetu na malori kufuata korosho. Juu ya mojawapo ya malori hayo akarudi Mjomba Hamisi, mdogo wake mama, kutoka Dar es Salaam. Alikuja na jenereta, televisheni na deki ya video, vyote vimezungushiwa magodoro kama wagonjwa.

Lazima nieleze mjomba ni nani kwetu, maana wengine mna wajomba wa kuleta zawadi tu. Kwa Wamakonde mtoto ni wa tumbo la mama. Baba alikuwapo, alitulisha na kutupenda, lakini wa kuamua nisome wapi na niolewe na nani alikuwa Mjomba Hamisi. Mimi na kaka yangu Selemani tulikuwa mali yake, na neno hilo halikutuudhi hata kidogo. Upande wa pili wa jambo hilo watu waliusema kwa sauti ya chini. Mtu akitaka nguvu za giza, akitaka utajiri wa ghafla au kuruka na ungo, nguvu hizo hazimwombi mbuzi. Zinamwomba mtu. Na mtoto wake wa kumzaa haziwezi kumpokea, maana huyo si wake, ni wa wajomba zake. Zinataka mpwa.

Selemani alikuwa amefariki miezi michache kabla ya jenereta kufika. Homa na kikohozi vilimshika, tukampakia kwenye lori la korosho ili tumwahishe hospitali, akafia kwenye mteremko kabla hatujafika bondeni. Mjomba alikuwa Dar, hakuwahi hata mazishi. Sasa tazama mambo yalivyojipanga: kijana kafa, mjomba karudi na mali. Lisemwalo lipo, watu wakasema, na kama halipo wakatoka kulitafuta.

Walilipata kwenye jenereta. Kwa kuogopa wezi Mjomba aliifungia kwenye kijumba cha matofali nyuma ya kibanda chake cha video, mlango wa bati na kufuli. Ilinguruma humo ndani, na mafuta yakikaribia kuisha ikakohoa. Siku moja kwenye foleni ya maji nikawasikia wasichana wakubwa wakinong'ona kuwa mle hamna mashine. Mle yumo Selemani, kafanywa ndondocha, hakufa wala haishi, anazungusha gurudumu ili watu watazame picha. Ndoo ilinitoka mkononi. Kesho yake nilikwenda peke yangu nikatega sikio ukutani, na Mungu anisamehe, kile kikohozi kilifanana na chake.

Sikumwambia mama. Nadhani alikuwa amekwisha kusikia. Alikuwa hakanyagi kibandani hata siku moja. Chakula cha mdogo wake alikipakua, akakifunika, akanipa mimi nipeleke.

Picha zilionyeshwa siku za gulio, mchana, madirisha yakiwa yamezibwa kwa magunia ya korosho ili kuwe na giza. Bibi alipopata habari alimwita mwanawe.

"Hamisi, nasikia unasimulia hadithi mchana."

"Si hadithi, mama. Ni video."

"Ina watu?"

"Inao."

"Wanapata shida?"

"Shida kubwa."

"Basi ni hadithi. Isubiri jua lizame."

"Sasa mama, usiku nitamwonyesha nani? Watu wa gulio wote wanakuwa wamesharudi makwao."

Bibi akamtazama, akasema, "Haya." Kwake neno hilo halikuwa ruhusa.

Sitawaficha, nilikipenda kibanda kile kuliko shule. Mjomba alikuwa na Kiingereza cha kupakua mizigo bandarini, lakini alishika kipaza sauti akatafsiri kila kitu. Hakutafsiri tu, aliwahamishia watu wale kwetu. Polisi wa kizungu akawa balozi wa nyumba kumi, tajiri mwenye kofia akawa mnunuzi wa korosho mwenye mizani ya wizi. Ugomvi ukipamba moto aliruka akaingia kwenye Chimakonde, nyumba ikalipuka kwa vicheko. Na kila mara alitafuta mtu wa kuonyeshea. "Anamwambia mkewe, tuseme ni yule mama pale mwenye kitenge chekundu, 'Leo pia muhogo?'" Yule mama alicheka mpaka akafunika uso. Mjomba alikuwa akizitazama picha zake mwenyewe kwanza, mara nyingi, ili akija mbele ya watu asikwame.

Siku ninayotaka kuisema picha ilikuwa ya nyotani. Vyombo vya chuma vilielea gizani, vikubwa kuliko mji wetu, havina mabawa. Mzee mmoja nyuma yangu akasema taratibu, "Ungo," na Mjomba akamuunga mkono kwenye kipaza sauti: "Naam, wazee. Ungo wa kizungu." Kulikuwa na jemadari ambaye akiinua mkono wake chombo cha adui kinasimama palepale angani. Lakini kila alipoinua, ngozi ya mkono ule ilizidi kukauka, mpaka ukawa kama tawi la mkorosho lililoingiwa na ugonjwa. Jambo hilo halikuhitaji mkalimani. Wanawake walisonya, wakaambiana, "Mnaona? Hakuna cha bure."

Kisha maadui wakawa wengi, mkono ule haukutosha tena. Jemadari akaenda kwenye nyota nyeusi kwa mzee asiye na macho, ndiye aliyempa nguvu zile mwanzo. Akapiga magoti. Yule mzee akasema maneno machache, na Mjomba akaishusha sauti ikawa ya kaburini:

"Mkono hautoshi. Nguvu kubwa unayoitaka, nipe mtoto wa tumbo la dada yako."

Na kwa mazoea yake akatafuta mtu wa kuonyeshea. Mimi nilikuwa nimekaa chini, karibu na miguu yake, mahali pangu pa siku zote. Akaniwekea mkono kichwani.

Hakuna aliyecheka. Nyumba nzima ilivuta pumzi, na pumzi ile haikutoka. Ulikuwa mkono ulionibeba, ulionisuka nywele mama alipokuwa mgonjwa, na ghafla nilitamani uondoke na sikuweza kusogea.

Mama alikuwa mlangoni. Alikuja kuniita tukachote maji, akanaswa na ile picha akiwa bado ameshika ndoo.

"Hamisi!" alisema. "Na Selemani wangu ulimpa nani?"

Nimezika watu wengi tangu siku hiyo, nimesikia vilio vya kila namna, lakini sauti ile sijaisikia tena. Mjomba aligeuka, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni, na jibu lake likatoka kubwa likajaa nyumba yote.

"Dada, subiri. Picha haijaisha."

Hilo ndilo alilosema. Hakusema "sikumpa mtu," hakusema "wazimu gani huu." Watu waliosikia waliliweka moyoni kama ushahidi.

Mama aliitupa ndoo akazunguka nyuma. Tulipomfikia alikuwa ameshabomoa kufuli kwa jiwe na mlango wa bati uko chini. "Selemani! Toka, mwanangu, mama nimekuja!" Mle ndani kulikuwa na jenereta, dumu la mafuta na kuta nyeusi kwa masizi. Mimi nilishusha pumzi, nikadhani naye ameona. Hakuona. Aliingia akalikamata bomba la moshi kwa kiganja, kama unavyomshika mtoto mkono umtoe mahali pabaya, akaanza kuvuta. Nilisikia harufu kabla ya kuelewa ni harufu ya nini. Hakupiga kelele na hakuachia. Mjomba ndiye aliyemkumbatia kwa nyuma akamng'oa pale, huku akilia, naye mama akimpiga kwa ule mkono mwingine. Katika kuvutana waya ukachomoka, mashine ikazimika. Ukimya uliofuata ulikuwa mbaya zaidi, maana kwa mama ilikuwa kama mwanawe amekufa mara ya pili mbele yake.

Mganga wa kunyoa aliletwa kutoka upande wa Masasi. Kwetu anayetuhumiwa uchawi hunyolewa kichwa kizima mbele za watu, akanyweshwa dawa, ili nguvu zimtoke. Akikataa kunyolewa, amekiri. Akikubali, watu wanasema kumbe kulikuwa na kitu cha kunyoa. Mjomba alikubali. Alikaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya balozi, mchana kweupe, akasema, "Kama nywele ndizo zinazomtenga dada yangu na mimi, ziende na chawa wake." Juma moja nyuma watu wangevunjika mbavu. Wembe ulikuwa butu, damu ikamshuka nyuma ya sikio, na mama, aliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga, alisimama mbele yake na kiganja kilichofungwa kitambaa bila kugeuza uso. Sikujua ninamwogopa nani kati yao. Bibi alibaki ndani, kajifunika kanga gubigubi, akirudia neno moja: "Mchana. Mchana."

Mjomba aliondoka wiki hiyohiyo akaenda kuishi Lulindi, akaoa huko, akalima korosho kama watu wengine. Kibanda kilikaa hivyohivyo mpaka mvua zikakiangusha. Siku ya kuondoka alisimama ng'ambo ya uwanja, hakutaka kunikaribia nisije nikaogopa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Somoe. Usome."

Sikumwona tena. Habari za msiba wake zilinikuta chuo cha ualimu, na mama hakwenda kuzika.

Mimi sasa ni mwalimu Masasi mjini, na nina kijana anayependa picha za zamani. Jioni moja alikuwa akitazama kwenye simu yake, nikapita nyuma nikauona mkono. Ule mkono mkavu. Nilikaa karibu naye. Nilimwambia asizime, arudishe nyuma kidogo, na safari hii nikasikia kwa masikio yangu yule mzee asiye na macho alichosema. Alisema, nipe mwanao. Hapakuwa na dada. Hapakuwa na mpwa. Mjomba aliubadilisha mkataba ule kwa sababu aliwajua watu wake. Wangemuuliza ni uchawi gani huo wa kijinga unaopokea mtoto ambaye si wa ukoo wa mtu. Alitaka waamini, na wakaamini.

Kisha nikaona ambacho Newala haikukiona. Jemadari anakataa. Anasimama, anauingiza mkono wake kwenye moto wa ile nyota, unateketea na nguvu zake zote zinateketea nao. Anarudi kwa mwanawe akiwa na mkono mmoja, hawezi tena kusimamisha hata nzi, na yule mtoto anamkimbilia. Picha inaisha hapo. Kutoka pale mama alipoita hadi pale mwisho hazikuzidi dakika za kunywa chai. Kijana wangu aliniuliza kwa nini nalia kwa picha ya uongo namna ile.

Jumamosi nilipanda Newala. Nilifika adhuhuri, mama yuko barazani anachambua mbaazi, nikashindwa hata kukaa. "Mama, nimeiona ile picha ya Mjomba. Nimeuona mwisho wake." Aliinua kile kiganja chenye kovu, ambacho vidole vyake viwili havinyooki tena, akaninyamazisha.

"Jua bado," alisema.

Basi tukachambua mbaazi. Baada ya sala ya magharibi ndipo aliponiambia, "Haya, sema." Nikamsimulia yote, mkono, nyota nyeusi, mwana aliyeombwa na baba aliyekataa.

"Na Hamisi alikuwa anajua inavyoisha?"

"Alikuwa anajua, mama."

"Kumbe alikuwa ananijibu," akasema. "Mimi nilidhani ananikwepa."

Nimefundishwa kwamba nguvu za giza hukaa kwa mtu mmoja na hulipiwa kwa damu ya ndugu. Zile zilizotutokea, mimi sikumwona mwenye nazo. Zilikuwa kwenye foleni ya maji, kwenye kikohozi nilichokisikiliza ukutani, kwenye mazishi ambayo mtu hakuyawahi. Hakuna aliyeziomba, lakini bei yake ilikuwa ileile tuliyoambiwa, zilimchukua ndugu. Darasani nawaambia watoto kuwa hakuna ndondocha. Hadithi za mchana, hata hivyo, siwasimulii.

Alfajiri nilimkuta mama jikoni kavaa nguo za safari. Alikuwa amepika wali na mbaazi, kaupakua kwenye bakuli na kulifunika sahani, zawadi ya mjane wa Mjomba kule Lulindi, ambaye mama hakuwahi kumtembelea hata siku moja. Nikanyoosha mikono nipokee bakuli, kama zamani.

"Acha," alisema. "Leo nabeba mwenyewe."