Kadi ya Baba Kutoka Molo

Wale tuliosoma Rongai wakati ule mtanishuhudia. Enzi zetu maneno ya kumtia mtu moyo yalikuwa adimu kama nyama. Uliyapata mara moja tu, ukiwa darasa la nane, ndani ya success card, kadi ya kumtakia mtu heri ya mtihani, na ukishayapata unayaficha chini ya godoro yasiibwe. Vijana wa siku hizi hawajanawa hata uso na simu imeshawaambia mara saba kwamba wao ni simba. Halafu simba anajifunika blanketi tena mpaka saa nne.

Hizo kadi ziliuzwa kwa duka karibu na stesheni, zimeanikwa kwa kamba juu ya kaunta kama soksi. Zilikuwa na picha ya maua, ama mshumaa, ama mtoto mzungu amevaa kofia ya digrii. Zile za wenye nazo ukifungua zinalia, kamuziki kembamba ka betri, na sisi tulizifungua na kuzifunga mpaka kamuziki kanaanza kuvuta kama mtu mgonjwa. Ndani kuliachwa nafasi ya kuandika. Hapo ndipo watu walikwama, na wakikwama waliniletea mimi.

Nilikuwa darasa la sita. Mungu aliponinyima hesabu alinipa mwandiko. Mama alikuwa akisema, "Huyu mtoto anaandika vizuri sana kile hajui." Nilikuwa na msemo wa kila mtu. Wa kulala darasani nilimwandikia, "Kalamu haina usingizi." Mvivu nikampa, "Jembe haliwezi kulima likiwa limeegemea ukuta." Yule ambaye hata walimu walikuwa wamemkubali vile alivyo nilimwandikia tu, "Mungu ni mwema." Malipo yangu yalikuwa kipande cha mahindi ya kuchemsha, ama nusu ngumu, ile mandazi ya kuvunja meno. Kijiji kizima nilikiandikia kufaulu. Mimi mwenyewe nilifika Form Two, nikaona mimi na shule tumechokana, tukaachana bila ugomvi.

Sasa, dada yangu Nekesa alikuwa mbele yangu madarasa mawili, na yeye kichwa alikuwa nacho. Alichokuwa hana ni baba. Si eti alikuwa amekufa. Alikuwa Molo, akipakia viazi kwa malori. Mwanzo alikuja kila mwisho wa mwezi na gunia begani, akinuka ule udongo wa baridi. Baadaye akaja Krismasi peke yake. Baadaye zikaja salamu, halafu salamu nazo zikapotelea njiani. Watu wazima walijua ana nyumba nyingine huko. Sisi tulijua vile watoto wanajua, yaani hakuna mtu alituambia. Mama akiulizwa alijibu, "Molo kuna baridi, labda ameganda." Sisi tulicheka. Yeye hakucheka.

Shule yetu ilikuwa na desturi. Ijumaa kabla ya mtihani kulikuwa na maombi, halafu mwalimu anashika rundo la kadi na kuita majina mbele ya shule nzima. Ukiitwa unatembea kama bwana harusi. Usipoitwa unahesabu mawe ya chini. Mwaka wa Nekesa, kutoka muhula wa tatu uanze, hakufungua kitabu. Jioni moja tukichambua maharagwe aliniambia bila kuinua macho.

"Baba asiponitumia kadi, huo mtihani sifanyi."

"Utafanya nini sasa?"

"Naenda Naivasha kwa rafiki yangu Jane. Anakaa mtaa wa Kihoto. Amesema atanitafutia kazi ya nyumba."

"Na Mama je?"

"Mama ataambiwa nikishafika."

Nekesa hakuwa mtu wa kutisha watu. Nilichungulia chini ya kitanda, nikapata nguo zake zimeshatoka kwa boksi, ziko kwa mfuko, zimekunjwa vizuri.

Kulikuwa na mama mmoja wa kuuza viazi sokoni, Mama Chebet, ambaye kila Jumanne alienda Molo kuleta mzigo. Nilimwomba ampate baba, amwambie aandike kadi, hata mstari mmoja. Alirudi jioni, akaanza kupanga viazi kwa mafungu kabla hata nimsalimie.

"Nilimpata. Nimemwambia vile ulisema, neno kwa neno."

"Akasema?"

"Amesema ataona."

"Ataona nini?"

"Kijana yangu, usingoje sana."

Nilikuwa na kadi moja iliyokataliwa na mteja kwa sababu muziki ulikufa, ile ya mshumaa. Niliiweka magotini, nikajaribu kufikiria vile baba angesema. Sikupata kitu. Maneno yake niliyokuwa nakumbuka ni "funga mlango" na "punguza redio", na hiyo huwezi kufanyia mtihani. Kwa hivyo nilimtungia. Nilitumia mkono wa kushoto, herufi kubwa, zikawa zimeegemeana kama walevi wakitoka kwa sherehe. Mwandiko wa baba sikuwahi kuuona, na Nekesa pia hakuwahi, maana ripoti zetu zote Mama ndiye aliweka sahihi. Hiyo nikaona ni bahati. Niliandika: NEKESA, SONGA MBELE TU. USIGEUKE. NYUMA YAKO NIKO MIMI.

Mama Chebet aliisoma, akaniangalia.

"Hii ni wewe umeandika."

"Mama Chebet, tafadhali. Peleka shuleni, useme ni yeye amekupatia."

"Unataka nidanganye, na Mungu ananiona?"

"Anakuona pia ukipima viazi."

Alinipiga kofi ya mgongo, halafu akaiingiza kifuani, mahali aliweka vitu vya maana.

Ijumaa jina likaitwa. Nekesa alienda mbele, akafungua bahasha, akasoma amesimama hapo hapo. Hakulia. Aligeuza shingo kidogo akaangalia nyuma yake, kama mtu amesikia ameitwa, halafu akarudi kwa laini. Jioni hiyo nguo zilirudi kwa boksi. Alifanya mtihani, akapita, akaenda sekondari, akaenda chuo, leo ni mwalimu upande wa Eldoret. Mimi niliona nimemaliza kazi. Kumchukia baba pia nilianza hiyo wiki, kwa ajili ya lile neno ataona, na nilimchukia kwa bidii ambayo kama ningeiweka kwa hesabu ningekuwa daktari.

Tumemzika mwaka huu, Molo, kwa matope, mvua haikutaka kungoja mchungaji amalize. Kule nyumba nyingine tuliketishwa upande wetu kama timu ya wageni. Nekesa aliitwa kuongea. Akatoa ile kadi kwa kibeti, imefunikwa na plastiki, akasoma yale maneno kwa kipaza sauti. Akasema hayo ndiyo yamemlea. Akasema baba alimwacha, ndiyo, lakini siku alipokuwa karibu kutupa maisha yake baba alijua, na akaandika. Wamama walilia. Mama yetu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Baadaye nikiwa nimesimama kando na sahani ya pilau, akaja kijana wao mkubwa, Kamau. Ana sura ya baba kuliko mimi.

"Hiyo kadi," akasema pole pole, "nani alimwandikia mzee?"

"Kwa nini?"

"Mzee hakujua kuandika. Hata kitambulisho, mahali pa sahihi aliweka kidole. Barua za chama mimi ndiye nilikuwa nasoma, na alikuwa anawafukuza wengine nyumbani kwanza, wasione."

Nikaweka sahani chini. Nilimwona baba yuko juu ya lori, mbele ya wapakiaji wenzake wote, Mama Chebet akimwambia kwa ile sauti yake ya sokoni aandike kadi. Ataona. Angesema nini kingine?

Hapo Nekesa akafika, akanishika mkono. Kazi yangu siku hizi ni kuandika mabango na kuta za shule, Elimu ni Nuru na hayo mengine, mimi wa Form Two. Alitaka niyaandike hayo maneno kwa msalaba wa baba.

"Lakini usiweke mwandiko wako wa mabango," akasema. "Weka mwandiko wake. Nakili kutoka kwa kadi."

Kamau aliniangalia. Mimi nikauliza brashi iko wapi.

Enzi zetu neno moja liliweza kumtoa mtu Rongai likamfikisha Eldoret, na tulilingoja mpaka tunaumwa. Sasa yanaanguka kama mvua na hayamloweshi mtu. Mtoto wa Nekesa, yuko Form Four, alipiga picha ule msalaba akaweka status kwa simu: Hekima ya Guka, yaani ya babu yake. Kufika jioni ilikuwa imezunguka ukoo wote na makanisa mawili. Mimi mwenyewe nililetewa na watu watatu. Mmoja aliniongezea kwamba nisome pole pole, na nijiulize kama baba yangu aliwahi kuniambia kitu kama hicho.

Nikamjibu hapana.