Sindano Iliyopitia Kwenye Kola

Ukitaka kusukwa na Nasimiyu kule mtaani Rhonda, kubali kwanza kukaa chini. Katika saluni nyingine mteja huketi kwenye kiti na msusi husimama nyuma yake. Kwa Nasimiyu mambo ni kinyume. Yeye ndiye anayekaa juu, kwenye stuli ndefu aliyoundiwa na fundi wa jirani, na mteja hukaa kwenye mto sakafuni, mgongo ukiegemea magoti yake. Wageni hucheka.

"Mathe, kwani unanisuka kama mtoto wa nasari?"

"Watoto wa nasari hawana maswali mengi hivyo. Inamisha kichwa."

Zamani alikuwa akisimama. Alianza kusuka asubuhi na jioni ikamkuta bado wima, mikono juu, akipiga hadithi. Alizaliwa Bondeni, katika nyumba ya kanju, yaani ya baraza la mji, aliyopewa baba yake alipotoka Kimilili kuja kufanya kazi kiwandani, na ususi alijifunzia papo hapo uani, kwenye vichwa vya dada zake. Mkono wa kulia ndio uliovuta nywele, ndio uliolea watoto. Ukamharibikia siku ya Jumapili, akiwa amevaa gauni la akina mama wa kanisa.

Gauni hilo lazima nilieleze. Ni la buluu, kola nyeupe, zipu mgongoni, vifungo viwili shingoni, mikono mirefu inayobana kutoka kiwiko hadi kiganja. Mama aliyevaa gauni hilo hakunji mikono hata akiosha sufuria za matanga. Na kuonyesha bega ndani ya boma la kanisa, mbele ya mchungaji na wazee wa kanisa, ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kulikataza kwa sababu hakuna aliyewahi kulifikiria.

Basi mwaka ule wa pili wa korona, watu wa zahanati moja ya mtaani walikuja baada ya ibada, wakaweka meza barazani, wakaanza kuchanja. Mwanzoni wengi walisitasita. Nasimiyu alipanga foleni mbele kabisa. Dada yake mkubwa, Nerima, alipata polio utotoni na hadi leo huburuta mguu, kwa hiyo chanjo kwake haikuwa jambo la kujadili. Muuguzi alikuwa Joyline, binti wa kanisa lile lile, ambaye Nasimiyu alimsuka tangu akiwa darasa la kwanza.

"Mama, nipe mkono."

Nasimiyu alivuta mkono wa gauni ukakwama kwenye kiwiko. Kufungua zipu ilikuwa ni kubaki na shimizi mbele ya mchungaji. Akafungua vile vifungo viwili vya shingoni, akavuta kola kando hadi ncha ya bega ikatokea.

"Hapo panatosha?"

"Panatosha, mama," Joyline akasema, macho yake kwenye foleni iliyokuwa imefika getini.

Sindano iliingia juu kabisa, pale mfupa unapoishia. Nasimiyu alihisi kama amepigwa shoti ya stima. Joyline akamwambia maumivu ni kawaida, yataisha baada ya siku chache.

Hayakuisha. Bega liliuma, kisha likaganda. Mkono ukainuka hadi kifuani na kugoma hapo, kama mlango uliofungwa kwa ndani. Hakuweza kujifunga kitambaa kichwani, wala kusuka mtu aliyekaa kwenye kiti. Wateja walihama mmoja mmoja, kwa upole, wakimwambia pole. Alizunguka sana kabla ya kumpata daktari wa mifupa aliyembonyeza bonyeza, akatazama picha, kisha akauliza alidungwa wapi hasa.

"Dawa haina kosa," daktari alimwambia. "Ilitakiwa iingie kwenye msuli, hapa chini. Wewe iliingia juu, kwenye kiungo chenyewe. Hutokea mara chache, lakini hutokea."

Njoki, anayeuza mboga mkabala na saluni, hakuridhika na maelezo hayo. "Si nilikuambia? Hiyo kitu ni sumu!" Siku moja akamletea kijana mwenye simu kubwa, aliyetaka kumrekodi akilia.

"Nilie kwa nini?" Nasimiyu akauliza.

"Uambie watu vile chanjo ilikumaliza, mathe."

"Chanjo haikunimaliza. Ameniharibu aliyeidunga mahali pasipo pake. Hiyo ukitaka, rekodi."

Kijana akarudisha simu yake mfukoni. Njoki akabaki akipanga sukuma wiki kwa hasira, akisema kuna watu hata ukiwasaidia hawasaidiki.

Aliyemsaidia ni wakili Muiruri, mwenye ofisi ndogo juu ya duka la mbolea mjini. Akaishtaki zahanati kwa uzembe. Zahanati ikaleta kampuni yake ya bima, na bima ikaleta daktari wake, ambaye baada ya kumpima alisema bega la Nasimiyu limechakaa kwa sababu ya kazi. Wasusi huinua mikono miaka nenda miaka rudi. Chanjo ilikuja tu wakati mbaya.

Maneno hayo yalimchoma Nasimiyu kuliko sindano. Kazi aliyoipenda ndiyo sasa iliyosimamishwa kama shahidi dhidi yake. Na shahidi wa pili alikuwa Joyline. Joyline alikuwa amesema kwenye taarifa yake kwamba hakumbuki mgonjwa mmoja mmoja, ila yeye hudunga mahali panapotakiwa, siku zote. Tangu siku hiyo alihamia ibada ya asubuhi, wasikutane.

Mahakama iliwaelekeza kwanza kwenye usuluhishi. Siku chache kabla ya kikao, Muiruri alikuwa amechoka.

"Ni neno lako na lake, mama. Na yeye ndiye aliyesomea sindano. Hebu nirudishe pale kanisani. Ulikuwa umevaa blauzi?"

"Gauni la akina mama."

"Ukakunja mkono wake."

"Wee! Lile halikunjiki. Nilivuta kola."

Muiruri, ambaye mama yake mzazi alikuwa na gauni kama hilo kule Subukia, aliinua kichwa polepole. "Uje nalo," akasema.

Chumba cha usuluhishi hakikufanana na mahakama aliyoiwazia. Kulikuwa na meza ya duara, chupa ya chai, na msuluhishi, mama mwenye miwani aliyeanza kwa kuuliza kama kuna anayesikia baridi. Upande wa pili alikaa bwana wa bima na Joyline, mikono mapajani. Muiruri aliomba Nasimiyu avae lile gauni hapo hapo. Bwana wa bima akacheka kidogo, akasema hawakuja kutazama maonyesho ya mavazi, lakini msuluhishi akamwonyesha Nasimiyu chumba cha kando.

Huko ndani ndiko alikoaibika. Gauni liliingia kichwani likakwama, mkono wa kulia ukagoma kupanda. Nyumbani huvishwa na mke wa mwanawe Lewis. Akasimama hapo, nusu ndani nusu nje, akaita kupitia ufa wa mlango, "Kuna mama anaweza kunisaidia?"

Msuluhishi alitazama huku na huku. Joyline akainuka.

Hawakusalimiana. Joyline alilivua gauni, akaanza upya, akiingiza mkono mbovu kwanza kama wauguzi wanavyofanya. Akapandisha zipu, akafunga vifungo vya shingoni.

"Limekubana, mama."

"Nimenona. Ukikaa bila kazi unanona."

Joyline alitaka kucheka, akajizuia. Akasukuma mkono wa gauni juu, ukakwama kwenye kiwiko. Akasukuma tena. Kisha akafungua vile vifungo viwili vya shingoni na kuivuta kola kando, kadiri ilivyoweza kwenda. Akaweka vidole vyake kwenye mfupa wa bega na kuvishusha kutafuta msuli. Vidole vikagonga kitambaa. Akajaribu tena. Akaviacha hapo hapo, juu ya kitambaa.

"Foleni ilikuwa ndefu," alisema kwa sauti ndogo.

"Niliiona."

"Nikisema, watanifuta kazi, mama."

Nasimiyu alimtazama kwenye kioo kidogo kilichokuwa ukutani. Alimjua mtoto huyu tangu alipokuwa akilia akichanwa nywele. "Mimi sijui kama watakufuta," alisema. "Najua tu siwezi kujifunga kitambaa."

Walirudi mezani pamoja. Joyline hakukaa. Alivuta kola mbele ya wote, akaonyesha kwa kidole.

"Gauni haliruhusu kushuka chini ya hapa. Kwa hiyo nilidunga hapa. Ningemwambia avue, lakini sikumwambia."

"Sista, si lazima useme—" bwana wa bima alianza.

"Ameshasema," msuluhishi akamwambia, akammiminia chai.

Mengine yalichukua alasiri nzima. Bima ilikubali kumlipia matibabu ya mazoezi na kumfidia kazi aliyopoteza. Muiruri alikuwa tayari anafunga mkoba wake Nasimiyu aliposema bado ana mawili. La kwanza, Joyline asifutwe. La pili, zahanati ikienda tena kuchanja kanisani, ibebe pazia.

"Mama," Muiruri akamnong'oneza, "hatukushtaki watu miaka yote hii tupewe pazia."

"Wewe andika."

Joyline alipewa onyo, akarudishwa darasani kwa muda, akabaki na kazi yake. Bega la Nasimiyu halikurudi kama zamani. Lilipanda kidogo kwa mazoezi, likafika alipoweza kushika sikio lake mwenyewe, likasimama hapo. Ndipo alipoagiza ile stuli ndefu, na wateja wakaanza kurudi, wengine kwa ajili ya rasta na wengine kuona mambo ya kukaa sakafuni.

Zahanati ilirudi kanisani mwaka uliofuata. Safari hii barazani palikuwa na pazia la kijani lenye maua, limetundikwa kwenye kamba. Akina mama walilitazama kwa mashaka. Mmoja akauliza kwa sauti ni nani amejifungua.

Nasimiyu akawapita, akaingia. Joyline alikuwa peke yake na kisanduku chake cha baridi.

"Zipu, mama."

"Ishushe wewe. Si unaujua mkono wangu?"

Joyline aliishusha, akautoa mkono wa kushoto mzima, hadi chini ya kwapa. Aligusa mfupa, akashusha vidole, akavishusha tena kidogo. Kisha akangoja.

"Hapa?" akauliza.

Nasimiyu alijitazama bega, akapapasa mwenyewe kwa ule mkono wa kulia uliofika kwa shida.

"Hapo sawa," akasema. "Dunga."