Wambeti, Mwalimu wa Kukimbia

Miaka ile ya hali ya hatari, Wambeti alikuwa na kazi ya ajabu kweli: kufundisha watoto kukimbia, mahali ambapo mtu mzima akikimbia anapigwa risasi.

Wasioyajua mambo hayo watacheka, na wacheke tu. Kijiji chenyewe kilikuwa huku Embu, juu karibu na msitu, na hakuna aliyehamia pale kwa kupenda. Serikali ya wakoloni iliwatoa watu kwenye maboma yao, ikazitia nyumba zao moto, ikawarundika pamoja kwenye kilima kimoja, halafu, bila aibu, ikawachimbisha wenyewe handaki la kuwazunguka. Ndani ya handaki vilisimikwa vigingi vilivyochongwa ncha. Mlango ulikuwa mmoja, wa kuvukia daraja la magogo, na walinzi wenye bunduki walikaa hapo kutwa. Asubuhi akina mama walihesabiwa wakatolewa kwenda kuchimba barabara bila malipo, jioni wakarudishwa wakahesabiwa tena. Na ole wake atakayechepuka njiani, hata kuchuma jani! Huyo atasemwa amekwenda kuonana na wapiganaji wa msituni, na mahali pake ni kizuizini. Mashamba yao yalikuwa ng'ambo tu ya handaki, wakiyaona yanavyomezwa na magugu.

Watoto walibaki kijijini bila wa kuwaangalia. Ndipo D.O., afisa wa serikali aliyetawala sehemu ile, kijana wa Kizungu mwenye magoti mekundu, akauliza ni mwanamke gani hapa anajua kusoma. Wambeti alikuwa amefika darasa la nne kwa wamisheni, na Kiswahili alikuwa nacho. Akapewa banda la nyasi, sufuria, gunia la unga wa mahindi na filimbi. Wape uji, akaambiwa, na uwachezeshe, watoto lazima wacheze.

Siku ya kwanza aliwapanga uwanjani, akavuta pumzi, akapuliza filimbi. Jamani! Watoto wote, hata wale wadogo ambao hawajajua kufunga kifungo, walichuchumaa chini mara moja na kuweka mikono kichwani. Filimbi waliyoijua ni ya msako. Wambeti alisimama pale akiwatazama, kisha akaenda nyuma ya banda akalia mpaka kamasi zikamtoka. Filimbi aliitia chini ya gunia la unga na hakuishika tena. Kuanzia hapo aliwaita kwa makofi na nyimbo za Kiembu.

Haya, wakacheza. Alisokota kamba ya magome ya migomba, akafunga mpira wa majani makavu, akawakimbiza yeye mwenyewe, leso imefungwa kiunoni, mama mzima. Kwa walinzi ilikuwa sinema ya bure. Lakini watoto walikuwa wakikimbia hatua chache tu, wanakaa. Hawakuwa wavivu, hawakuwa na kitu mwilini. Nyamu, mtoto wa Ireri mlinzi wa mlangoni, alikuwa amevimba miguu na nywele zimegeuka rangi ya kutu. Siku moja alikimbilia mpira, akaanguka, na hakuinuka. Wambeti alimbeba mpaka mlangoni akamweka mikononi mwa baba yake.

"Ireri," alimwambia, "mtoto hawezi kuishi kwa uji mtupu. Hata wewe unajua. Huyu anataka mboga, anataka kunde. Nikiendelea kumkimbiza hivi nitamuua."

Ireri alimtazama mtoto, akatazama bunduki yake, akatazama daraja. Jioni ile, akina mama waliporudi, alipekua viondo vyao, vile vikapu vya kusuka, kwa makelele mengi, akawatukana vizuri ili walinzi wenzake wasikie, na migongoni mwao, walipobeba watoto wachanga, hakutazama.

Basi wakajua. Karwirwa, mama mwenye mtoto mchanga, ndiye aliyekuwa wa kwanza. Huko barabarani alisema anakwenda haja, akachuma managu na terere, mboga za porini, mikono miwili, akayatandaza ndani ya nguo aliyombebea mtoto, na mtoto juu yake. Kesho yake wakawa watatu. Baadaye karibu kila mwenye mtoto wa kubeba alirudi na mgongo mzito, na majani ya kunde na mbaazi mbichi vikaanza kuonekana. Wambeti alikuwa akivikatakata asubuhi na mapema na kuvitia ndani ya uji ule ule, akakoroga mpaka rangi ikapotea. Ulikuwa mchungu, eti. Watoto walikunja uso na kuumaliza.

Na wakainuka! Hapo nisiwafiche, Wambeti alifurahi kama mtu aliyejifungua. Nyamu alipungua uvimbe, akaanza kuruka kamba, akaanza hata kudanganya kwenye mchezo. Uwanjani kulisikika kelele ya watoto, kelele yenyewe, ya kugombana na kucheka, kitu ambacho kijiji kile hakikuwa kimekisikia tangu kijengwe.

Mvua zilipokaribia, akina mama walimjia. Mboga za kuiba hazitatosha, walisema, na siku Ireri akihamishwa tutakufa sote. Tunataka alasiri moja kwa wiki tu, tuvuke kwenye mashamba yetu na walinzi wakitusimamia, tupande maharagwe na viazi. "Wewe una Kiswahili," Karwirwa alimwambia. "D.O. akija, tusemee. Mvua ikipita, watoto hawa hawana mwaka mwingine."

D.O. alikuja akina mama wakiwa wamesimamishwa foleni na majembe yao, tayari kutoka. Lakini kwanza alitaka kuona michezo. Wambeti alipiga makofi, na watoto wakatoka mbio wakifukuza mpira wa majani, vumbi likatimka. Mzungu alicheka, akawapiga picha. Wambeti alikuwa akijivunia siku zote kuwaona hivyo, sasa alitamani wakimbie polepole. Alisogea, akainama kidogo, akasema maneno ya akina mama yote, alasiri moja kwa wiki, maharagwe, mvua.

D.O. alimsikiliza vizuri, hilo tumpe. Halafu akauliza kwa Kiswahili chake cha mashambani mwa Wazungu, "Hii watoto nakula nini hapa?"

Mungu wangu. Wambeti aliona foleni ile kwa pembe ya jicho. Karwirwa alikuwa ameshika mtoto wake mgongoni kwa mikono yote miwili. Ireri alikuwa darajani, anatazama viatu vyake. Akisema mboga, ataulizwa zimetoka wapi, zimepitaje mlangoni, nani alikuwa zamu. Asiposema, ombi limekufa pale pale, kwa mkono wake mwenyewe. Hakukuwa na neno la tatu. Alilitafuta, nawaambia, alilitafuta mpaka Mzungu akarudia swali.

"Uji tu, Bwana," alisema.

"Basi uji natosha!" D.O. alimpiga bega kwa furaha. Shamba la nini tena, na watoto wanakimbia hivi? Alimsifu mbele ya watu. Akasema vijiji vyote vitafanya kama yeye, uji na michezo, na walimu wao watakuja hapa kujifunza.

Akina mama walitolewa kwenda barabarani. Karwirwa alipompita alimnong'oneza, "Umeniokoa, mwalimu," na machozi yalikuwa yakimtoka, kwa sababu maharagwe hayatapandwa. Wambeti hakujua ashukuru au atukane. Mvua ikanyesha kwenye magugu.

Mwalimu wa kwanza kuletwa alikuwa msichana wa kutoka upande wa Meru, anaitwa Kiende, mwembamba, viatu vimemkaa vikubwa. Aliletwa na mlinzi mgeni asiyejulikana pale, ambaye aliegemea nguzo ya banda na kukaa hapo. Kiende alitazama watoto wakiruka kamba mpaka akasahau kufunga mdomo.

"Dada," alisema hatimaye, "wangu wanaanguka. Wiki iliyopita tumezika wawili. Nawapa uji kama nilivyoambiwa. Wewe wako unawapa nini?"

Mlinzi aligeuza kichwa kusikiliza. Wambeti alimtazama msichana machoni, akamkazia, akiomba Mungu aelewe kitu. Aliona tu sura ya mtu anayengoja kusaidiwa.

"Uji tu," alisema.

"Maji unatia mengi ama kidogo?"

"Kidogo."

Kiende aliinamisha kichwa akafikiri. "Basi ni mimi," alisema polepole. "Ni mimi sijui kuwachezesha."

Akasimama, akavua vile viatu vikubwa, akajifunga leso kiunoni, akaomba aonyeshwe ile michezo tangu mwanzo. Wambeti akamwonyesha.