Pengo la Mlima

Mume wangu ni mwoga, na nasema hivyo kwa heshima zote za ndoa. Kazi yake ni kupima macho na kutengeneza miwani katika duka dogo lililobanwa kati ya benki na duka la viatu. Siku za mapumziko hurusha ndege. Ndege yenyewe ni kuukuu, ya viti vinne, aliyoinunua kwa ubia na daktari wa mifugo na mwuza mbegu. Hao wabia wake ndio waliompa jina la Bwana Kipimo, maana upepo ukipata nguvu ya kubeba mfuko wa plastiki pale uwanjani, yeye hufunga mlango wa ndege na kurudi nyumbani. Wakimcheka hujibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Uoga huo hakuzaliwa nao. Mwaka wa kwanza wa leseni yake, upepo wa ubavuni ulimsukuma akiwa anatua, akatoka nje ya njia, akaja kusimama karibu kabisa na tangi la mafuta. Siku hiyo alirudi nyumbani akakaa kwenye sakafu ya bafu na viatu vyake miguuni. Tangu hapo akajiwekea mipaka yake mwenyewe. Sheria za serikali, anasema, zinamjua rubani. Hazimjui fundi miwani anayerusha ndege mara moja moja.

"Mimi naamua nikiwa mezani, nimeshiba, miguu iko chini," huniambia. "Nikishapaa inabaki nusu ya akili, na hiyo nusu inapenda kufurahisha watu."

Mpaka mmoja niliujua vizuri kuliko yote. Kati ya mji wetu na kwa wazazi wangu kuna mlima, na katika mlima kuna pengo ambamo ndege ndogo hupita. Kabla ya pengo kuna machimbo ya kokoto. Akifika juu ya machimbo bila kuona mashamba ya upande wa pili, anageuza hapo hapo. Habishani na mtu, wala na nafsi yake.

Mama yangu alikuwa kwetu, amekuja kunisaidia na mtoto mchanga, siku kaka yangu alipopiga simu. Baba ameamka na maumivu ya tumbo, utumbo umejisokota, anaingia chumba cha upasuaji saa nane mchana. Anamwulizia mama. Barabara huuzunguka mlima wote, na kwa gari ungefika usiku wa manane.

Mume wangu alitoka nje akatazama juu, akapiga simu kuulizia hali ya hewa, akatazama juu tena.

"Mama, tutajaribu," akasema. "Ila nikisema tunarudi, tutarudi."

"Wewe twende tu, mwanangu," mama akajibu. Alishavaa viatu.

Mtoto nilimwacha kwa jirani. Mama alikaa mbele kwa sababu ya magoti yake, mimi nyuma, nikitazama visogo vyao viwili. Kila mmoja wetu alikuwa na visikizi vya kuzungumzia masikioni, na bado hakuna aliyesema neno. Ndege ilianza kurukaruka tulipoukaribia mlima. Mkoba wa mama uliinuka kutoka mapajani mwake kisha ukadondoka, naye akashika mkono wa mlango kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe na mwizi.

Machimbo yakatokea chini, meupe, na lori moja limesimama. Mbele palikuwa na wingu. Chini ya wingu ulibaki mwanya, na ndani ya mwanya niliona kitu cha kijani. Kingeweza kuwa shamba. Kingeweza kuwa mti, au macho yangu tu yanayotamani shamba.

Nikangoja ageuze. Jasho lilimtiririka kisogoni mpaka kwenye ukosi wa shati. Alimtazama mama kwa pembe ya jicho, mama akatazama mbele.

Machimbo yakapita chini yetu. Akaendelea.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Miaka yote nimemtania mtu huyu kwa uoga wake, kumbe uoga wake ndio niliokuwa naulalia usingizi. Mwoga akiacha kuogopa, sisi wengine tushike nini? Nilitaka kupiga kelele, nikauma kidole. Maziwa yakaanza kunitoka yenyewe, yakalowesha blauzi, nikawa nawaza mtoto tu, mdomo wake, nani atamnyonyesha jioni.

Mwanya ukazibika. Sikuuona ukizibika, nilichoona ni kwamba kijani hakipo tena. Mvua ikapiga kioo, kila upande pakawa peupe, na mlima ulikuwa mahali fulani humo ndani.

"Tunarudi," mume wangu akasema. Sauti haikuwa yake.

Alikuwa ameambaa na ubavu wa kulia wa pengo ili abakishe nafasi ya kugeuka, na nafasi hiyo ndiyo iliyotuokoa. Ndege ikalalia bawa la kushoto. Uzito ukanikandamiza kitini, king'ora cha kuonya kwamba ndege inapoteza mwendo kikalia sauti nyembamba, naye akawa anarudia kwa kunong'ona, "Taratibu, taratibu," sijui akimwambia nani. Bawa likaonyesha chini, na pale penye ncha yake wingu likapasuka nikaona miti. Niliona mizinga ya nyuki imetundikwa matawini. Ningeweza kuihesabu.

Kisha mwanga, kisha lori la kokoto.

Tulipotua uwanjani kwetu, mama alishuka bila kushikwa mkono. Mume wangu alimfuata, amejiinamia.

"Nimekosa, mama. Nisamehe."

Mama alikwishaelekea barabarani. Tulikodi gari, tukampitia mtoto kwa jirani. Tulipofika hospitali kaka alikuwa amekaa kwenye ngazi, na nilijua kabla hajasimama. Baba alifia mezani pa upasuaji. Kabla ya kuingizwa aliuliza kama wamefika.

Siku ya mazishi mwuza mbegu alikuja kwa gari, na kwa kukosa la kusema akasema mchana ule ule pengo lilikuwa wazi, yeye mwenyewe alipita baadaye na ndege ile ile. Maneno hayo yakazunguka uani haraka kuliko chai. Mkwe aliogopa wingu. Mkwe alimnyima mzee kuagana na mkewe. Mume wangu aliyasikia yote akiwa anabeba viti.

Mama alirudi kukaa nasi, kwa kuwa nyumba ya kule ilimshinda. Alimlea mtoto, alipika, na kwa miezi hakumtazama mkwe wake usoni. Mkwe akiingia sebuleni, mama anatoka na kikapu cha nguo. Nilikasirika na wote wawili. Mume wangu hakurudi uwanjani.

Macho ya mama yalipozidi kuwa na ukungu, nilimpeleka dukani mwenyewe, kwa lazima. Nikamketisha kwenye kile chumba cha giza, kidevu juu ya kifaa, herufi zinang'aa ukutani.

"Hii, mama, au hii?" mume wangu akauliza, akibadilisha kioo.

"Siku ile," mama akasema, kidevu kimebaki pale pale, "uliniomba msamaha wa nini?"

Mkono wa mume wangu ukasimama. "Nilipita machimbo. Nilijua pale natakiwa kugeuza. Nilikuonea haya, mama. Nusura niwaue kwa sababu ya haya."

Mama akaondoa kidevu kwenye kifaa.

"Pale kwenye yale mawe meupe," akasema, "mimi nilikuwa naomba ugeuze. Mume wangu yuko kitandani ananingoja, na mimi naomba ugeuze. Nilitaka kukushika mkono. Nikaona, atanifikiriaje? Mke gani huyu?" Akavuta pumzi. "Na ulipogeuza nilimshukuru Mungu kabla sijamkumbuka yeye. Basi ningekutazamaje usoni?"

Mume wangu akakaa kwenye kigoda chake, kioo bado mkononi. Nilimsikia analia, kidogo, kama mtu anayekohoa.

"Jumamosi utanipeleka kaburini," mama akasema.

"Kwa ndege, mama?"

"Kwani nina magoti ya kutembea? Ila tukifika kwenye mawe, mimi nitasema ninachokiona, na wewe useme unachokiona. Na huyu wa nyuma naye aseme."

Mume wangu akawasha taa. Wote wawili walikuwa wananitazama, mimi niliyeyaona machimbo yakipita nikanyamaza.